Mwamvuli wako wa kwanza wa kuruka angani: maneno kwa wanaoanza

Kila mara napata meseji ya kijana aliyemaliza kozi ya kuruka, swali lake ni lile lile, kaka ninunue mwamvuli gani, upi mzuri. Na mimi namrudishia maswali, una kilo ngapi, umeruka mara ngapi, unatua wapi. Wengine wanaona kama nawazungusha tu. Siwazungushi, ndilo jibu lenyewe, kwa sababu mwamvuli ambao kwa rafiki yako ni raha tupu kwako unaweza kuwa kitanda cha hospitali, na hakuna kibandiko kwenye begi kitakachokwambia hivyo. Mimi naruka na pia nimepaki miamvuli ya watu hapa pwani kwa miaka, na ukipaki ya kila mtu unaanza kuona mambo ambayo mwenye mwamvuli haoni, kwa hiyo naandika yale ambayo naona wageni wengi wanayapata kwa kuchelewa.

La kwanza, na hili hata walioruka miaka mingi wengine hawalijui. Begi lina miamvuli miwili, mkuu na wa akiba. Kule Marekani ambako vifaa vingi vinatoka, mamlaka ya anga, FAA, inataka mwamvuli wa akiba na mikanda na begi lake viwe vimepita kiwango kinachoitwa TSO-C23, yaani vimejaribiwa kwa mizigo na kasi kubwa vikapewa kibali. Na wa akiba unapakiwa na fundi mwenye leseni, riga, na kila siku 180 lazima ufunguliwe ukaguliwe upakiwe upya. Sasa mwamvuli mkuu, huu unaoruka nao kila siku, hauna sharti la kibali cha namna hiyo. Mtengenezaji anaubuni, anaujaribu na watu wake, akiridhika anauuza. Sisemi kwamba wanauza takataka, kampuni nyingi zinajaribu kwa bidii sana na zina majina ya kulinda, ninachosema ni kwamba hakuna afisa aliyekaa mahali akakuamulia kwamba mwamvuli huu ni salama kwa mtu kama wewe. Hiyo kazi ni yako na ya mwalimu wako.

Na ili uifanye lazima uelewe kidogo hicho kitu kinavyofanya kazi. Zamani ilikuwa miamvuli ya duara, inakushusha tu. Mwaka 1964 Domina Jalbert, mzaliwa wa Kanada aliyeishi Marekani, akaomba hataza ya kitu tofauti, bawa la kitambaa lenye vyumba, mbele wazi nyuma pamezibwa, hewa inaingia kwa mbele inajaza vyumba na kitambaa kinakakamaa kuwa bawa. Huo ndio mwamvuli wa leo. Maana yake wewe unaruka na bawa, linasonga mbele, linapinda, linaweza kuishiwa mwendo likaacha kuelea, na kwa kuwa limesimama kwa nguvu ya hewa tu, hewa ikivurugika bawa linaweza kukunjamana. Karibu wasiwasi wote wa kiusalama kuhusu muundo unatoka hapo, mwamvuli unafungukaje, unakaaje hewa ikiwa mbaya, na unafanya nini ukiupinda karibu na ardhi.

Kwa umbo, wenye vyumba 7 huwa mfupi wa upana na mpole kidogo, wa vyumba 9 unaelea mbali zaidi. Ukiwa mstatili unavumilia makosa. Ukianza kuchongwa pembe kuelekea umbo la yai, unageuka haraka zaidi, na huo ndio mtego, kwa sababu kila mtu anapenda ule unaogeuka haraka.

Tuanze na kufunguka. Kuna slaida, kile kitambaa cha mstatili chenye pete za chuma kwenye pembe nne, kamba zote zinapita humo. Mwamvuli ukitoka slaida inabanwa juu na upepo halafu inateremka taratibu, bawa nalo linapanuka taratibu. Ikiteremka mapema mno bawa linafunguka kwa kishindo, na kishindo hicho si maumivu ya shingo ya siku mbili tu, watu wameumia uti wa mgongo na wengine wamekufa. Sabre ya kwanza ya kampuni ya Performance Designs, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 80, ilikuwa mwamvuli wa maana sana kwa wakati wake lakini ilipata sifa ya kufunguka kwa nguvu, na watu wakawa wanaweka slaida kubwa zaidi au yenye mfuko ili iteremke polepole. Ziko Sabre za zamani zinazouzwa mpaka leo kwa bei poa, ukiletewa moja uliza slaida iliyopo ni ipi.

Lakini hapa nataka uwe mwangalifu, maana nimeona watu wanalaumu muundo kwa kila kitu. Kuna jamaa aliniletea mwamvuli wake amechukia, anasema ni mbovu, ukifunguka tu unavuta kulia na yeye anataka amrudishie aliyemuuzia. Tukautandaza kwenye turubai, nikashika kamba mbili za breki, zile zinazovuta mkia wa bawa, ya kushoto na ya kulia, nikazinyoosha pamoja kutoka mkiani mpaka kwenye vishikio. Ya kulia ilikuwa fupi kwa upana wa vidole vitatu. Kamba zile zilikuwa za Spectra, na Spectra inajulikana, slaida ikiteremka inazisugua, zinapata joto zinajikunja, hasa za pembeni na za breki, kidogo kidogo kila ukiruka, mpaka siku moja bawa limepinda wewe hujui. Tukabadilisha seti nzima ya kamba na mwamvuli ule ule ukaenda mbele umenyooka. Kamba za Vectran na HMA hazifupiki hivyo, ila zenyewe zinachakaa na kukatika bila kukupa dalili kubwa, kwa hiyo ukinunua mwamvuli uliotumika swali la kwanza liwe kamba ni za aina gani na zimeruka mara ngapi tangu zibadilishwe. Muuzaji akianza kujiumauma, punguza bei ya seti mpya ya kamba kwenye pesa yake, au achana nao.

Ukiwa hapo hapo kwenye turubai pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kila pete ya slaida, taratibu, ndani na nje. Ukihisi kitu kinakukwaruza, ujue kila unaporuka kinakata kamba. Ni kazi ya dakika moja na karibu hakuna mgeni anayeifanya.

Kufunguka kuna jambo la pili, kamba kujisokota. Kwenye mwamvuli wa mstatili wenye ukubwa wa kawaida kamba zikijisokota mara nyingi bawa linaendelea kwenda mbele wewe unapiga mateke unajisokotoa, unapumua. Kwenye wa umbo la yai uliobebeshwa uzito mwingi, ukiwa umekaa upande kidogo tu kwenye mikanda bawa linaingia upande mmoja na linaanza kuzunguka kama pia, chini yake na wewe unazunguka, damu inakimbilia miguuni na mita zinakwisha. Stiletto, mmoja wa miamvuli ya mwanzo ya umbo hilo kupendwa na watu wengi, miaka ya 90, ni mwamvuli mtamu mkononi mwa aliyekomaa, lakini ndiyo hadithi yake hiyo. Sasa kumbuka kwamba kwa taratibu za USPA, chama cha warukaji cha Marekani, mwenye leseni A, ile ya kwanza, anatakiwa awe ameamua kukata au kutokata, yaani kuuachia mwamvuli mkuu afungue wa akiba, kabla hajapita futi 2,500. Ukiwa unazunguka kwa kasi hiyo muda wa kuamua ni mfupi kuliko unavyofikiri ukiwa umekaa hapo unasoma.

Haya, tuje kwenye hesabu ambayo ni lazima uijue kwa kichwa. Inaitwa mzigo wa bawa. Unachukua uzito wako ukiwa mlangoni mwa ndege, yaani mwili, nguo, begi, helmeti, kila kitu, kwa pauni, unagawa kwa eneo la mwamvuli kwa futi za mraba. Mtu wa kilo 75 na vifaa vya kilo 13 ana kilo 88, ni kama pauni 194. Kwenye mwamvuli wa 190 anapata 1.0 na kidogo. Kwenye 150 anapata 1.3. Kwenye 120 anapata 1.6. Unaona namba ndogo ndogo unasema tofauti iko wapi. Iko hapa, kasi inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo, kwa hiyo kutoka 1.0 kwenda 1.6 ni kasi zaidi ya robo, lakini nishati ya kugonga chini inapanda kama asilimia 60. Mifupa yako haikui kwa asilimia 60.

Brian Germain, mwalimu na mbunifu wa miamvuli, ana kanuni ambayo naipenda kwa sababu inakumbukika, unaanza na 1.0 halafu unaongeza 0.1 kwa kila miruko 100, na hiyo ni kikomo cha juu, si lengo la kukimbilia. Ukiwa na miruko 50 na unaangalia mwamvuli wa 1.4 jibu unalo.

Kuna watu wawili kanuni inawabana zaidi. Wa kwanza ni mwepesi, na dada zangu hapa nisikilizeni vizuri. Mtu wa kilo 50 akivaa vifaa vya kilo 12 anaweza kuchukua mwamvuli wa 135 na hesabu ikamwambia 1.0, sawa na yule kaka wa kilo 75 kwenye 190. Hazilingani. Mwamvuli mdogo una kamba fupi, unapinda upesi zaidi, unapiga mbizi upesi zaidi, unakusamehe kidogo. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie wewe mwepesi chukua tu mdogo huna shida, mwepesi anatakiwa abaki chini ya 1.0 kwa muda mrefu zaidi. Wa pili ni anayeruka nyanda za juu. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni nyepesi, na mwamvuli ule ule uliozoea kutua nao Diani utakuja chini kwa kasi ya kama asilimia 9 zaidi, na siku ya jua kali inaongezeka tena. Miguu yako imezoea kasi ya pwani, macho yako pia, na saa ya kuvuta breki unaipata kwa macho.

Sasa kwa nini napiga kelele sana kuhusu ukubwa na umbo wakati kila mtu anaogopa mwamvuli kutofunguka. Kwa sababu watu hawafi sana kwa kutofunguka. USPA inaweka rekodi za vifo kila mwaka, na mchezo umekuwa salama kuliko zamani, mwaka 2023 Marekani walikufa 10 katika miruko kama milioni 3.65, ambayo ni kidogo sana ukilinganisha na miaka ya 70. Lakini ukisoma ripoti zenyewe, moja moja, unakutana tena na tena na mtu aliyekuwa chini ya mwamvuli mzima, umefunguka vizuri, hauna tundu, akaupinda karibu na ardhi. Bill Booth, yule aliyebuni zile pete tatu za kuachia mwamvuli mkuu, amesema miaka mingi kwamba kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama ndivyo warukaji wanavyojiongezea hatari mpaka vifo vibaki pale pale. Ndicho ninachokiona kwenye vijana, wa akiba ni mzuri, kifaa cha kuufungua chenyewe kipo, basi mtu anahamishia ujasiri wote kwenye mwamvuli mdogo.

Ukivuta kishikio kimoja mpaka chini bawa linapinda na linapiga mbizi, wewe unabembea nje, na kabla halijarudi kukaa sawa linahitaji urefu. Urefu huo ndio tofauti kubwa kati ya muundo na muundo, kuna miamvuli inajinyoosha yenyewe upesi na kuna iliyobuniwa makusudi ibaki kwenye mbizi muda mrefu ili watu wa mashindano wapate kasi. Usije ukanunua ya aina ya pili kwa sababu video yake ilikuwa tamu. Na ukijikuta uko chini na mwelekeo si sawa na upepo, tua hivyo hivyo umenyooka, breki zote mbili sawa, miguu pamoja, ubiringike. Kutua ukiwa umepewa upepo mgongoni kunachuna magoti. Kupinda ukiwa chini kunaua. Hata ukilazimika kukwepa kitu, pinda ukiwa umeshika breki zote nusu, unaachia kidogo upande mmoja, bawa linageuka bila kupiga mbizi, na hili unalifanyia mazoezi ukiwa juu, sio siku unapolihitaji.

Upepo mchafu. Hapa pwani tunajua kusi ikivuma inakuja na nguvu, na ufuo wetu una minazi na mahoteli yamejipanga. Upepo ukipita juu ya kitu unavurugika nyuma yake kwa umbali wa mara 10 mpaka 20 ya urefu wa kitu hicho, kwa hiyo mnazi wa mita 20 unaweza kukuharibia hewa mita 200 mpaka 400. Kwenye hewa hiyo vyumba vya pembeni vinaweza kukunjamana, na hapo muundo unaonekana, jinsi midomo ya vyumba ilivyokatwa, na kuta za ndani zinavyopitisha hewa chumba hadi chumba. Kuna miamvuli ina vali za kuzuia hewa isirudi nje, inasaidia, lakini hakuna muundo unaokupa ruhusa ya kutua nyuma ya hoteli. Mikono iwe sawa, fuata alichoandika mtengenezaji kuhusu breki kwenye hewa hiyo, usivutevute kwa woga. Na kama upepo ni wa kuuliza uliza, baki chini, ndege itapaa kesho. Ukitua baharini usiuache mwamvuli ukaukie na chumvi, usuuze kwa maji mengi yasiyo na chumvi na uanike kivulini maana jua linaila nailoni pole pole, na fundi auone.

Kabla ya kulipa pesa tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mwamvuli, isome jina la muundo, ukubwa, namba yake na tarehe. Halafu nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji uangalie kama kuna tangazo la usalama linalotaja namba hizo, kwa sababu kasoro nyingi za muundo zinagunduliwa mwamvuli ukiwa tayari mikononi mwa watu, na tangazo ndilo linalosema badilisha slaida, kagua mshono fulani, au usiruke kabisa mpaka urekebishwe. Muundo ukiwa mpya sokoni, subiri. Waache wazoefu waruke nao msimu mzima, waulize unafungukaje, unajisokotaje, ukivuta breki mpaka mwisho unafanya nini. Na angalia uzito wa juu ulioandikwa kwenye wa akiba pia, watu wanachagua begi dogo linalopendeza, begi dogo linabeba wa akiba mdogo, na siku umepoteza fahamu na kile kifaa cha otomatiki kikakufungulia, utatua huku hushiki breki yoyote. Siku hiyo utaomba uwe mkubwa.

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupaki, na hii ni ajira nzuri, msinyamaze. Mteja akikwambia leo umefunguka kwa kishindo andika tarehe, mwamvuli gani, slaida ilikaaje, alikuwa kwenye kasi gani. Ikijirudia kwa watu tofauti wenye muundo ule ule, mwiteni riga, aandikie mtengenezaji akiwa na video. Wengi wanaogopa kuonekana wanaharibu biashara ya mtu. Andika.

Na ukishaupata wako, safari za kwanza usiruke na kundi. Toka peke yako, fungua juu, futi 5,000 na zaidi, mwambie rubani na walioko nyuma yako kwenye ndege ili wakuachie nafasi. Vuta breki mpaka bawa liishiwe mwendo, ujue mikono iko wapi hapo. Pinda nyuzi 90 kulia ukiangalia altimita kabla na baada, halafu kushoto, halafu nyuzi 180, kila moja kumbuka umepoteza futi ngapi. Jaribu kutua hewani, vuta breki kama unatua, uone linanyanyuka kiasi gani. Yote haya yaishe ukiwa juu ya futi 2,500, kisha uje utue umenyooka, katikati ya uwanja, mbali na watu, na ukifika chini ziandike zile futi kabla hujapaki, na umwonyeshe mwalimu wako.